Nilisema Kasaji Wamekubali

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili asiyetaka kuendelea kusoma aishie hapa. Nilisimama mbele ya klabu yetu ya sataranji, mchana kweupe, nikasema uongo. Hakuna aliyenilazimisha.

Lakini wewe unayeendelea, nisikilize vizuri, maana hapa Kolwezi wananisema kwa kosa ambalo silo. Wanasema kosa langu ni kulitoa gazeti letu kwenye karatasi na kulipeleka kwenye internet. Hilo silijutii. Nitalifanya tena kesho wakinipa nafasi.

Nililihariri lile gazeti miaka sita, baada ya saa za ofisi. Kurasa kumi na mbili zilizobanwa kwa pini: michezo ya wanachama, mafumbo ya sataranji, nani kaoa, nani kafiwa. Imprimerie iliyotuchapia ilikuwa inatutesa. Mara mashine imeharibika, mara wino haujafika kutoka Lubumbashi. Toleo la Pasaka liliwahi kutoka baada ya Pentekoste. Na vijana wanaochimba kwenye macarrières, yale machimbo ya madini, walikuwa wanacheza kwenye simu zao wakati wa kupumzika, wananiuliza kila siku, mama, gazeti litaingia lini humu?

Basi nikasema tuhamie. Nilikuwa na haki, na mpaka leo nina haki.

Shida ilikuwa Kasaji.

Kule tuna tawi letu la watu kumi na watano hivi, wengi wazee wa reli. Gazeti liliwafikia kwa treni, au kwa pikipiki treni isipotembea. Na kati yao na sisi kulikuwa na mchezo mmoja ulioingia mwaka wa tatu. Sisi tunachapa hatua yetu gazetini, wao wanakaa pamoja, wanabishana, halafu wanaleta jibu lao ndani ya bahasha. Bahasha inafikia kwa karani wa mizigo pale gare, kituo cha treni, mimi naenda kuichukua. Mwezi mmoja, hatua moja.

Kiongozi wao ni mzee nitakayemwita Tata Kapenda. Baba yangu alipokuwa anafanya kazi ya reli Kasaji, huyu tata ndiye aliyenifundisha sataranji kwenye sale, ukumbi wa parokia, nikiwa na miaka tisa. Wasichana wengine walikatazwa. Yeye alinivutia kiti. Tangu siku ile ananiita mutoto yangu.

Na ukweli mwingine ni huu: Kasaji walikuwa wanatushinda. Ngome yetu moja ilikuwa imebanwa pembeni, haina pa kutokea. Kila mtu aliona.

Siku ya mkutano, prezida wetu alipinga internet kwa nguvu zote. Mama Régine, mwanachama wetu wa zamani kuliko wote, hakupinga. Aliuliza swali moja tu, kwamba watu wa Kasaji wamesema nini.

Nikajibu kwamba nimezungumza nao, wamekubali.

Sikuwa nimezungumza na mtu. Nilijua simu za maana kule ni mbili tatu, na réseau ya simu inakuja na kuondoka. Nilijua wangekataa, na wakikataa prezida angepata fimbo ya kunipigia. Kwa hiyo niliwajibia. Mikono ikainuliwa, tukahama.

Sasa sikia ujinga wangu. Tangazo la kuhama niliandika wapi? Kwenye internet. Nikaandika humohumo kwamba hatua zote zitumwe kupitia site, na anayepitisha siku thelathini ameshindwa. Kisha nikaacha kwenda gare.

Siku thelathini zikapita, nikaongeza nyingine thelathini ili nionekane nina huruma. Zikapita. Nikaandika kwa herufi nene: Kasaji wameshindwa kwa kuchelewa. Watu wakanipongeza. Tulikuwa tunaelekea kufa, nikatuokoa kwa kidole kimoja. Na nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata padri: nilisikia utamu.

Jumamosi moja tuko sale ya klabu, tunacheza, Tata Kapenda akaingia. Koti lake lilikuwa jekundu kwa vumbi la njia. Alikuwa amepita kwanza gare, kwa yule karani wa mizigo. Mkononi alishika bahasha tatu ambazo sikwenda kuzichukua.

"Mutoto yangu, uko muzima?"

Nikamwambia niko mzima.

"Basi Mungu asifiwe. Sisi tulizania uko mugonjwa."

Akaziweka mezani. Ya kwanza ilikuwa na hatua yao. Ya pili ilikuwa na hatua ileile, pamoja na swali kwamba gazeti halijafika, je, kuna msiba? Ya tatu haikuwa na hatua yoyote. Waliandika kwamba wameomba misa kwa ajili yangu, na wamama wa parokia wamefunga siku moja ili nipone.

Nilizisoma nimesimama. Kisha nikakaa.

Mtu mmoja mezani, sijui kwa ubaya au kwa kutokujua, akampa simu aone gazeti jipya. Tata Kapenda akavaa miwani, akasoma polepole mpaka kwenye zile herufi nene. Akarudi juu, akasoma tena.

"Nani njo alisema tulikubali?"

Watu wote wakanitazama. Mama Régine pia.

"Ni mi, tata."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema, "Kushindwa tunajuaka. Lakini kushindwa bila kucheza, ile hatukuionaka."

Akamrudishia mwenyewe simu yake, akatoka. Nilimkimbilia mpaka barabarani nikimwomba anywe hata maji. Alisema atakunywa kwa ndugu zake.

Juma lililofuata prezida aliitisha mkutano. Alikuja na barua aliyoiandika tayari. Ilisema internet ilikuwa kosa, site inafungwa, tunarudi kwenye karatasi peke yake, na mimi nitie saini. Nikaona anataka kuizika internet ndani ya kaburi langu.

"Prezida," nikasema, "andika kama nilidanganya, nitasaini sasa hivi. Lakini kuandika kama internet njo kosa, mi sitasaini."

Wakapiga kura, wakaniondoa kwenye uhariri. Mama Régine aliinua mkono wake kunitoa, akinitazama usoni. Simlaumu. Kabla sijakabidhi mot de passe, neno la siri la site, nilifungua site nikafuta zile herufi nene, nikaandika: Kasaji hawakushindwa, mhariri alidanganya. Nikaweka jina langu kamili chini yake. Hapa silitaji, ila wenye kunijua wanajua liko wapi.

Mchezo uliendelea. Kasaji walituchapa baada ya miezi mitano, kwa haki yao. Na unajua? Mhariri mpya, mtu wa prezida, anachapa karatasi kwa Kasaji na kwa wenzetu wengine wa Sandoa, na site hajaifunga. Vijana wanaisoma. Hata prezida anaisoma, nimemwona.

Kwa hiyo mnaonisema, semeni. Lakini semeni la kweli.

Lililonigharimu si cheo. Mwezi uliopita nilikutana na Tata Kapenda kwenye msiba wa mtu wa reli. Nilimwinamia kumsalimu, akanipa mkono vizuri, mbele za watu, akaniambia, "Bonjour, Madame." Nilimpa pole ya msiba, nikaenda kukaa na wanawake wengine, nikalia, na kila mtu akadhani namlilia marehemu.

Wewe uliye mwandishi wa kikundi, wa kwaya, wa shirika, wa klabu: badilisha mambo, usiogope wazee wala maprezida. Lakini ukiulizwa watu fulani wamesema nini, na hujawauliza, sema hujawauliza. Panda pikipiki uende. Wakikataa, gombana nao uso kwa uso mpaka mchoke. Usimjibie mtu ambaye yuko hai na ana mdomo wake.