Kidobi Kimechuja

Aliitwa Kidobi kwa sababu alikuwa dobi na alikuwa mfupi, na mtaa mzima ulishamhamishia kwenye ngeli ya viti na vikombe. "Kidobi kimefungua?" wateja waliulizana mlangoni, naye akaitika bila kinyongo. Miaka ishirini na sita ya kufua nguo za watu ilikuwa imemfanya bingwa wa neno moja: kuchuja. Akiigusa tu nguo majini, alijua kama itatoa rangi au itatulia.

Jumatano moja alirudi nyumbani mchana kuchukua pasi ya akiba, akamsikia mkewe chumbani akiongea na dada yake kwa simu.

"Kimechuja, dada. Kimechoka, na chenyewe kifupi. Jumamosi naenda kutafuta kingine."

Kidobi aliondoka kwa kunyata. Pasi aliisahau.

Kesho yake asubuhi mkewe alishika birika. "Baba watoto, nikuchujie chai?"

"Mimi bado sijachuja," alijibu, kama mtu anayehojiwa na polisi.

Akafungua redio apate kupumua. Mtangazaji akasema timu mbili zimechujwa kwenye mashindano. Akaizima. Tusifichane, alikuwa na hofu. Alimpenda mkewe kuliko alivyowahi kumwambia, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Ijumaa alinunua rangi ya nywele, akajipaka kichwa kizima pamoja na masharubu. Jumamosi alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili, akasimama nje ya mlango, kifua mbele, mkewe asipate pa kupita. Jua lilikuwa kali. Jasho likaanza kazi yake, na mifereji miwili myeusi ikashuka nyuma ya masikio mpaka kwenye kola.

Mkewe alitokea na mkoba wake, akaitazama kola. "Baba watoto, unachuja."

"Najua. Nilikusikia Jumatano. Lakini hicho kingine unachokwenda kutafuta, hakitakujua kama ninavyokujua mimi."

Mama wa watu akarudi ndani, akatoka na kikoti chake cha zamani, kilichopauka mabegani. "Nilikuwa nasema hiki."

Alicheka mpaka akakaa kizingitini. Kisha kicheko kikamwisha, akamvuta mumewe akae naye.

"Hata ungechuja, mimi ningejuaje?" alisema. "Nakuona kila siku."

Shati alilifua mkewe mwenyewe, maana siku hiyo dobi alikuwa mteja. Walijaribu sabuni ya kipande, sabuni ya unga, dawa ya madoa na jua la siku tatu, wapi. Kidobi hulivaa shati hilo kazini mpaka leo, na mteja akiuliza kama kuna rangi isiyochuja kabisa, humgeuzia mgongo amwonyeshe kola.