Nilivyozing'arisha Sarafu za Mzee

Mzee ninayemtunza huku Kenmore, ughaibuni, hukusanya sarafu za kale za Uingereza. Juzi alialika wenzake waje kuzikagua. Nilipoziona nyeusi tii, niliona aibu kwa niaba yake. Katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma nilikokulia, mama hakumpa mgeni hata kijiko chenye doa. Nikazisugua zote kwa ndimu na majivu mpaka zikang'aa. Mjinga mimi, wakati huo sikujua kuwa weusi ule ndio uliozipa thamani, na sarafu ikishasuguliwa imeharibika!

Wageni walifungua boksi, wakaduwaa.

"Nani kafanya hivi?"

Mzee alinitupia jicho, akainamisha kichwa. "Ni mimi. Uzee huu, jamani."

Nami, sinia la chai mkononi, nikadakia: "Mzee, usininyang'anye sifa zangu! Nimesugua mimi, na majivu mengine yamebaki!"