Mkono wa Bi Harusi Asiyekuwepo

Hili nitakalowasimulia hamtaliamini. Hata mimi, ambaye sijatia chumvi katika maneno tangu nizaliwe, nilipolisikia niliomba maji ya kunywa. Ni la Shifaa, binti wa ndugu yangu, fundi wa hina katika saluni moja ya Deira, mjini Dubai. Msimcheke. Au mcheke kidogo tu, maana amekaa papa hapa, anachungulia ninavyoandika.

Shifaa alitoka Mombasa na mkono mwepesi, na aliyeunyoosha mkono huo ni Bi Ghania, mtu wa Unguja, mama wa mafundi wa hina wote wa huku. Bi Ghania ndiye mwenye kundi lao la wasap, na sheria yake ni moja: ukiweka picha ya mkono wa bi harusi uliouchora, umtaje mwenye mkono. "Mkono wa nani?" atauliza. Ukishamtaja, wanawake wote wanamwombea kwa jina lake, Mungu amtulizie nyumba, ampe kizazi chema. Wengi wanaolewa Dubai hali mama zao wako ng'ambo, basi dua za kundi ndizo mama.

Wanafunzi wake nao walikuwa wakiweka kazi zao mbovu bila haya. Joweria, Mganda anayelinda duka, maua yake yalikuwa kama nyayo za kuku.

"Kuku wako huyu anakwenda wapi, mwanangu?" Bi Ghania alimwandikia. "Shika koni ya hina chini zaidi." Wakacheka, na Joweria akajifunza.

Joto likaja, wateja wakapungua. Saluni ya jirani ikabandika picha za mikono iliyochorwa na akili bandia, ikavuta watu. Shifaa naye akaiandikia simu yake maneno mawili matatu, mkono ukaja: kucha kama lulu, maua yamepanda mpaka kiwikoni, hakuna mstari uliotetemeka, wala kovu la kisu cha jikoni. Akaurusha kundini.

"Mkono wa nani?"

Hapo angeweza kusema kweli. Akaandika: "Wa Ikhlas. Yatima, hana mtu hapa Dubai."

Yatima! Uongo haukumtosha, akaua na wazazi. Dua zikamiminika. Shifaa akaona raha, akarusha mkono mwingine, na mwingine, kila mmoja na jina lake, Fairuz na wenziwe. Joweria akaitazama mikono ile, akaitazama koni yake, akafuta picha zake zote. Wengine wakamfuata. "Mbona mmenyamaza?" Bi Ghania aliuliza.

Ijumaa moja mlango wa saluni ukafunguliwa. Bi Ghania huyo, jasho linamtiririka, kabeba sinia la biriani lililofunikwa. Nyuma yake Joweria na kanga mpya.

"Yalla, Shifaa, tupeleke kwa Ikhlas. Fungate imekwisha na hakuna aliyekwenda kumwona. Si aibu yetu hiyo?"

"Yuko mbali, Bi Ghania. Sharjah."

"Teksi iko chini inangoja."

"Labda mumewe hapendi wageni."

"Nitamwambia mimi ndiye mama mkwe wake. Aje anifukuze!"

Shifaa akalitazama sinia. Mtu mzima, goti bovu, kasimama jikoni tangu alfajiri kwa ajili ya mkono uliotoka kwenye simu.

"Hakuna Ikhlas," akasema. "Mkono ule umechorwa na mashine. Jina nimelitia mimi."

"Na Fairuz? Niliyemwombea mimba itulie?"

"Naye hayupo."

"Wote?"

"Wote, mama."

Joweria akasema polepole, "Mimi niliacha kuchora kwa sababu ya mikono ile, dada."

Shifaa akavitazama viganja vyake mwenyewe. Vimeiva hina kwa kazi ya miaka. Akavificha ndani ya buibui kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi.

Lakini Bi Ghania wetu, jamani, ana moyo! Alilitua sinia, akamkumbatia Shifaa, akalia, akamwambia yamekwisha mwanangu, saluni nzima ikapiga vigelegele, Deira yote ikasimama, hata polisi wakashuka garini wakaja kula biri—

"Ami! Hakunikumbatia. Alibeba sinia lake akashuka ngazi, na Joweria akamfuata. Andika hivyo."