Siku Nesi Alipolala Mkekani

Nesi aliyenipiga kofi la paja nilipozaa mtoto wa kwanza ndiye aliyecheka kuliko watu wote mle darasani. Nimesimama mbele ya ubao, mimba ya pili imenitangulia, kanga nimeikunja kichwani mfano wa kofia ya nesi, namwigiza yeye. "Unalia nini? Wakati wa raha uliniita?" Neno kwa neno kama alivyoniambia. Nesi akajipiga magoti, machozi yanamtoka.

"Jamani, manesi wa wapi hao? Mbona wana roho mbaya!"

Wanawake nusura wajikojolee.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yamefunguliwa, mitumba imejaa hadi kwenye gulio la Nyamwage, na kwenye kituo chetu cha afya unakwenda kuzaa umebeba glavu zako, wembe wako, uzi wako na mafuta yako ya taa. Matusi peke yake ndiyo yalikuwa bado ya bure. Ndipo akaja kijana mmoja kutoka Dar, mwalimu wa maigizo, kufundisha manesi kwa michezo: mama acheze nesi, nesi acheze mzazi. Akaanza kwa kutubembeleza tusione haya. Haya ya nini? Sisi tuliofundwa ndani na makungwi, vikongwe wakijifunga mito tumboni na kugaragara mbele yetu! Mwenye haya pale alikuwa yeye.

Mama mkwe wangu akanivuta kanga.

"Weye mwana, mwezi ujao utazalia wapi? Kwenye mikoko?"

Alisema kweli. Kituo kimoja, nesi wa leba mmoja, na ndiye huyo anayepangusa machozi ya kicheko. Lakini nilikuwa na hasira iliyokwisha kuota meno. Mtoto wangu wa kwanza nilimdaka mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa sababu nesi alikwenda kunywa chai. Aliporudi, mdomo bado unatafuna, akanizaba kofi kwa kuchafua shuka. Shuka lenyewe kanga yangu!

"Sasa badilishaneni," akasema mwalimu.

Nesi akajilaza mkekani kwa mbwembwe. "Haya, uchungu huo umenishika! Nesi, nakufa mie!"

Nikamwambia, "Nakuja," nikatoka nje.

Hakuna aliyenituma. Chini ya dirisha la darasa mama lishe alikuwa ameandaa chai na vitumbua vya mapumziko. Nikakaa pale wote wanapoweza kuniona, nikamimina, nikapuliza. Ndani wakaangua kicheko.

"Nesi!" akaita.

"Nakunywa chai!"

Nikala kitumbua. Nikamimina kikombe cha pili. Kicheko kikaanza kupungua. Mwalimu akatazama saa yake. Nesi yuko chali, watu wanamtazama nyayo, na mara nikamwona anavuta gauni lifunike magoti.

"Nesi, njoo basi," akasema. Safari hii sauti haikuwa ya mchezo.

"Usinipigie kelele! Wa kwanza wewe kuzaa duniani?"

Akainuka, akakaa. Akanitazama kupitia dirisha.

"Hayo maneno ni yangu."

"Ulidhani ya nani?" akadakia mama mmoja wa nyuma, na mie chai ikanipalia, ikanitokea puani. Nikacheka mpaka kwikwi. Nilikuwa naogopa, nacheka, siwezi kuacha.

Nesi hakucheka. "Chai ile ndiyo chakula changu cha kutwa, mwanangu. Mle ndani niko peke yangu."

"Na mie nilikuwa peke yangu."

Mama mkwe, aliyekuwa akinikataza tangu mwanzo, akasimama. "Basi chai inywewe humo humo leba!" Vigelegele vikapasua darasa.

Mwezi uliofuata uchungu ukanishika. Nesi akanikuta mlangoni, nimejitwika beseni la vifaa vyangu.

"Ni wewe."

"Ni mie."

Akanielekeza kitandani, akanipima, akatoka. Nikasema moyoni, haya, nimeyataka mwenyewe. Nikaanza kujipanga namna ya kumdaka na huyu. Mara mlango ukafunguliwa: nesi na chupa ya chai kwapani, kitumbua kwenye gazeti, anaburuta kigoda kwa mguu. Akakaa karibu na magoti yangu, akaanza kunywa. Fyuuu. Fyuuu. Kila funda natamani kumpiga teke.

"Kelele!" nikamfokea.

"Zangu mie?"

"Hivyo unavyoivuta hiyo chai!"

Akacheka, na mie nikacheka, uchungu ukaja katikati ya kicheko. "Sukuma, bibi weye, sukuma!" Akatupa kikombe pembeni, chai ikamwagika kwenye kanga yangu niliyotandika.

"Unachafua shuka!" nikapiga ukelele.

"Nisamehe," akasema, mikono yake yote miwili imeshamshika mwanangu.