Mume Wangu Kaanza Kunisifia

Siku mume wangu aliponiambia nimependeza, nilijua kuna mwanamke. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kitambaa cha kichwa nimekifunga harakaharaka, naenda zangu saluni. Yeye akaweka kikombe chini, akanikazia macho katikati ya nyusi, akasema, "Umependeza." Basi. Akarudi kwenye chai yake. Mimi nikabaki nimeshika kitasa, machale yananicheza. Kama una mume wa kawaida hutanielewa. Wangu hakuwahi kunisifia hata siku ya harusi. Siku hiyo nilimuuliza mwenyewe, kwa raha zangu, gauni analionaje, akanijibu kwamba mkono wa kushoto umeshonwa mfupi kuliko wa kulia. Na kweli ulikuwa mfupi.

Huyo ndiye aliyenioa, na nilimjua hivyo tangu mwanzo. Kazi yake ni kukata vioo vya miwani. Alikuwa anakaa chumba cha nyuma cha duka la miwani, yeye na jiwe lake la kusagia, anasugua kioo mpaka kikae kwenye fremu bila kuchezacheza, halafu anakipitishia kidole gumba kutafuta mikwaruzo. Mtaani wanamwita Bwana Kioo, na si kwa sababu ya kazi tu. Wanasema ukimtania, utani unagonga unarudi. Ukimwambia nisubiri dakika moja, anaangalia saa. Jirani mmoja aliwahi kumwambia karibu kwetu wakati wowote, akaenda alfajiri, watu wamelala. Uongo hauwezi. Ndoa nzima mimi ndiye mdomo wetu: msibani nasema mimi, kwa wakwe nasema mimi, mwenye nyumba akija nasema mimi. Mashoga zangu wakiniuliza naishije na mtu wa hivyo, nilikuwa nawajibu kwamba nimezoea. Lakini upweke ulikuwepo, nisijitie ushujaa.

Sasa mtu kama huyo aje abadilike ukubwani! Baada ya "umependeza" ikaja "pole na kazi." Ikafuata "siku yako imekwendaje," halafu anasimama wima anangoja jibu kama karani wa dirishani. Mara nimkute bafuni mbele ya kioo anatabasamu, anaacha, anatabasamu tena. Na kila Alhamisi akawa anachelewa kurudi.

Nikampelekea habari dada yangu mkubwa, tunayesuka naye saluni moja. Dada hata hakuinua macho kutoka kwenye kichwa cha mteja. Alisema mwanamume akianza maneno matamu ghafla, ujue kuna mahali anafundishwa. Mteja naye, ambaye hatumjui hatujui anakotoka, akadakia kwamba ni kweli kabisa, wa kwake alianza hivyohivyo.

Basi Alhamisi hiyo mume wangu alipita nyumbani kubadilisha viatu, nikamsimamia mbele.

"Unakwenda wapi?"

"Siwezi kusema."

"Kuna mwanamke huko?"

Akafikiri. Yaani alikaa akafikiri kabisa, kiatu mkononi.

"Yupo," akasema. Akafunga kamba za viatu, akatoka.

Mwingine angeapa kwa jina la mama yake. Mwingine angenigeuzia kibao, aniambie mimi ndiye mwenye wivu. Huyu wangu kanipa jibu kavukavu, mlango kaufunga taratibu. Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira. Wiki nzima sikumsemesha, na kilichonichoma zaidi ni kwamba hakugundua. "Pole na kazi" yake aliileta kila jioni kama kawaida.

Alhamisi iliyofuata, alipokwenda kazini tu, nikafungua kabati. Nikatoa nguo zangu zote, hata kanga za kulalia, nikazihamishia kwa dada, ambaye alishanitengea chumba. Nilikuwa nimekata shauri, ndoa imekwisha. Ila kuondoka bila kumwona huyo mwanamke kwa macho yangu, hilo hapana. Nilitaka nimjue, nimpe vidonge vyake, ndipo niende.

Jioni nikajibanza ng'ambo ya duka la miwani. Kumfuata mume wangu ni kazi rahisi sana. Hageuki nyuma, na kwenye kila njia panda anasimama hata kama hakuna gari. Akaingia jengo moja lenye duka la dawa chini, akapanda ngazi. Nami nikapanda, viatu mkononi, roho juu. Juu kule kulikuwa na mlango umerudishwa tu. Nikatega sikio. Sauti ya mwanamke, laini, inasema: "Mtazame. Usiharakishe. Haya, mwambie tena."

Na sauti ya mume wangu: "Umependeza."

Nikausukuma ule mlango ukagonga ukuta.

Aliyekuwa anasifiwa ni jitu la watu lenye ndevu, limesimama mbele ya mume wangu linatafuna mkono wa sweta. Pembeni kuna viti vimepangwa duara, msichana kavaa hedifoni kubwa shingoni, mzee mmoja anatazama dari. Na huyo mwanamke wangu niliyemfungia safari alikuwa mama mtu mzima, mvi kichwani, viatu vilivyobonyea visigino, kashika kikombe.

Mume wangu aliponiona hakushtuka. Alishusha pumzi, mabega yakalegea.

"Umeingia," akasema. "Sasa naweza kukuambia."

Akaniambia yote hapohapo, amesimama. Dukani wameleta mashine inayokata vioo yenyewe. Bosi akamwambia chumba cha nyuma kinafungwa. Ama aje mbele ahudumie wateja, ama aende nyumbani. Akaenda mbele. Mama mmoja akajaribu fremu, akauliza imemkaa? Mume wangu akajibu hapana, akamweleza na sababu, kuanzia paji la uso hadi kidevu. Mteja akaondoka analia. Aliyefuata hakulia, alifoka. Bosi akadhani anafanyiwa makusudi, akamtuma kwa daktari, akasema asirudi mbele mpaka aeleweke ana nini, kwanza apange stoo. Daktari akamhoji mambo ya tangu utotoni, akamwambia ana usonji. Amezaliwa nao, wala si ugonjwa wa kumeza vidonge. Maneno anayapokea jinsi yalivyo, na nyuso za watu hawezi kuzisoma. Akaelekezwa kwa huyu mama, afundishwe watu wanamaanisha nini wanaposema wanachosema.

Usonji. Neno lenyewe nililisikia kama mtu kanisonya. Na sikulipenda hata kidogo. Siku hizi kila kitu kina jina, mtu akiwa mkimya tu anapewa jina na daktari. Nikamwambia yule mama waziwazi kwamba mimi naona ni ujanja wa bosi, anatafuta njia ya kumfukuza mtu wake wa miaka kwa mhuri wa hospitali. Hakukasirika. Alisema huenda, naye bosi huyo hamwamini sana, lakini jina hilo linaweza pia kumlinda mume wangu asifukuzwe kama mtovu wa adabu. Sikushawishika.

Nikamgeukia mume wangu. Kwa nini hakuniambia? Akaeleza kama mtu anayesoma masharti. Siku ya kwanza daktari alifunga mlango akasema, tutakayozungumza humu yatabaki humu. Na huyu mama, mwalimu wake, husema hivyohivyo kila Alhamisi kabla hawajaanza. Kwa hiyo yalibaki humu.

Yule mama akaweka kikombe chini, mkono mdomoni. Alimaanisha kwamba wao hawatamtangaza, si kwamba yeye amfiche mkewe. Anafundisha watu maneno yenye maana mbili, na la kwake mwenyewe hakuwahi kulisikia.

Mimi bado nilikuwa na langu.

"Kwa hiyo nyumbani ulikuwa unanifanyia mazoezi."

"Ndiyo."

"Siku ile ya kwanza, nilikuwa nimependeza?"

"Hapana. Kitambaa ulikifunga upande."

Msichana wa hedifoni akacheka. Iliniuma, nisifiche. Mtaa una watu tele, nikamwambia, angemsifia jirani, angemsifia hata muuza mkaa, kwa nini anijaribie mimi maneno yasiyo yake?

"Mwalimu alisema tuanze na mtu ambaye hatumwogopi," akasema. "Nilitafuta. Uko wewe tu."

"Wengine wote unawaogopa?"

"Wote. Kila siku. Nikifika nyumbani inaisha."

Nikavuta kiti nikakaa. Miaka yote ile nilidhani kimya chake cha nyumbani ni cha mtu asiye na la kuniambia. Kumbe alikuwa anapumzika. Na nyumba hiyohiyo anayopumzikia, mimi nilikuwa nimeshaihama tangu asubuhi.

Ningeweza kunyamaza. Ningekimbia kwa dada, nizirudishe nguo kabla hajafungua kabati, na asingejua mpaka leo. Lakini chumba kizima kile hakuna aliyekuja kwa hila isipokuwa mimi niliyepanda kwa kunyata, na aibu ikanishika. Nikamwambia. Nikasema nimehamisha nguo zangu zote kwa dada kwa sababu nilidhani ana mwanamke, na leo nilikuwa sirudi.

Mume wangu alitazama sakafu, kidole gumba kinasugua vidole vingine.

"Utazirudisha?"

"Nitazirudisha."

"Leo?"

"Leo."

Akaangalia saa.

"Leo saa ngapi?"