Maji ya Baraka Niliyopeleka Masaki

Mimi ndiye mtu wa kwanza wa kijiji chetu cha Janga kurudi nyumbani na diploma ya ualimu, niliyoifuata hadi Uganda kwa jasho langu. Hivyo mama alipokuwa na kazi nzito, alinituma mimi. Dada yangu Mariana ameolewa na Mlutheri huko Masaki, Kisarawe, na mtoto wao wa kwanza amebatizwa kanisani kwao. Mama, Mkatoliki wa kweli, alikuwa ameapa kutompakata. Akanipa chupa ndogo ya maji ya baraka.

"Ukibaki naye peke yenu, mbatize upya. Kisha mleteni nimpakate."

Alfajiri nilipanda gari moshi Ruvu, suti imenyooka. Pugu nikashuka, nikaenda kwa miguu kupitia Kisarawe, viatu vipya vikinilia njia nzima.

Alasiri nilifika Masaki. Mzee Elia, baba mkwe wa dada, mwinjilisti aliyesoma madarasa manne tu, alinipokea uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Viatu vyako tumevisikia tangu bondeni."

Jioni, mbele ya ugali wa muhogo na kisamvu, tulisali Baba Yetu. Nilipofika tunapoishia Wakatoliki, nikasema Amina kwa sauti ya darasani. Wenzangu wakaendelea na ufalme, nguvu na utukufu. Mariana akacheka ndani ya khanga.

"Kaka, umeshuka kituo cha nyuma."

Asubuhi Mariana alikwenda kisimani. Nikamnyanyua mtoto, nikafungua chupa. Mzee Elia akaingia.

"Dawa hiyo?"

Nikamweleza ukweli. Hakukasirika, akavuta kigoda.

"Kwenu mnabatiza kwa jina la nani?"

"La Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Ndivyo alivyobatizwa huyu, na maji yalimwagika mpaka akalia. Mwalimu, habari ya Papa, ya kumwomba Maria, ya padre kutooa, tubishane mpaka mihogo iive. Lakini mtoto akishazaliwa, utamzaa tena kwa kuwa mkunga hakuwa wa kwenu?"

Nikaona haya. Ubatizo haurudiwi: katekista wetu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Nikafunga chupa.

Kesho yake nilirudi Janga na Mariana na mwanawe. Mama alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Umembatiza?"

"Nimemkuta amebatizwa, mama."

"Kwa jina la nani?"

Nikamtajia. Akayarudia majina yale matatu polepole. Kisha akamwambia Mariana, "Umembeba toka Masaki, mikono haikuumi? Mlete huku." Akampakata mpaka jua likazama, wala hakutupa nafasi ya kumshika.

Nimesafiri mbali kuliko mtu yeyote wa Janga, nami sioni haya kulisema. Lakini ni Masaki nilikojifunza kwamba Wakristo tunaweza kukaa vyumba mbalimbali, na mlango tulioingilia ukawa mmoja.