Kurasa Nilizozitoa kwenye Tasnifu

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na kwa kuwa umenijia na daftari lako ukisema unaandika tasnifu ya sheria za mazingira, nitakusimulia kabla hujaanza maswali yako. Nivumilie. Mzee akipata msikilizaji hukawia, na mimi siku hizi wasikilizaji sina.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Soko huria limeingia, kila mtu anatafuta kipande cha ardhi apande kitu cha kuuza, na mimi ni mwanafunzi wa sheria chuo kikuu, wa kwanza kutoka kitongoji chetu huko Lufingo. Nilikuja nyumbani kufanya utafiti juu ya vyanzo vya maji, nikachagua chemchemi niliyoinywa tangu utoto. Ilikuwa ndani ya kichaka cha miti mikubwa, upande wa chini wa shamba letu la migomba, na mwangalizi wake alikuwa Shangazi Tusekile, dada mkubwa wa baba yangu, mjane, mguu mmoja unamsumbua. Aliniita tata, yaani baba, kwa sababu nilirithi jina la baba yake.

Siku tatu nzima alinitembeza. Alinionyesha mpaka ambao panga halivuki. Akanieleza nani anaruhusiwa kukata mianzi na mwezi gani, nani aliwahi kutozwa jogoo kwa kufulia nguo penye chemchemi, na jinsi wanawake wanavyokutana kusafisha mfereji kabla ya mvua. Kila penye mteremko alishika bega langu. Mimi naandika, na yeye anafurahi kuona naandika.

Nikarudi chuoni. Msimamizi wangu aliipenda kazi, ila kurasa za shangazi alizizungushia wino mwekundu. Chanzo kiko wapi? Kitabu gani, kesi ipi? Ningeweza kumjibu. Ningeweza kuandika jina la shangazi pale chini ya ukurasa, kama nilivyoandika ya maprofesa. Niliona haya, mwanangu, na nilitaka alama. Nikazitoa kurasa zile zote, mahali pake nikaweka sentensi moja: eneo hili halina utaratibu wowote wa hifadhi. Alama nikapata, tena za juu. Kibali cha utafiti kilinitaka nipeleke nakala kwenye ofisi moja ya serikali, nikaipeleka kwa mbwembwe, imejalidiwa vizuri.

Haukupita muda mrefu, mfanyabiashara mmoja akaomba kichaka kile apande milingoti, yaani mikaratusi, ya mbao. Wazee walipinga kwenye mkutano wa kijiji, wakasema pale pana mwenyewe na pana miiko. Afisa wa ofisi ile niliyopeleka nakala, ndiye aliyeleta maombi, akaitoa, akawasomea ile sentensi, akawaambia haya kayaandika mtoto wenu mwenyewe, msomi. Maombi yakapitishwa. Miti ikaangushwa, milingoti ikapandwa, nayo kama ujuavyo hunywa maji sana. Baada ya misimu michache chemchemi ikawa tope, kisha hata tope likakauka. Wanawake wakawa wanateremka hadi mtoni na ndoo zao, shangazi na mguu wake akiwa miongoni mwao.

Nilipata kazi mbali, na nilipokuja likizo, ndiyo siku ile niliyokwambia, nilimkuta shangazi jikoni anamenya ndizi. Nikajieleza sana: taratibu za chuo, msimamizi, masharti ya utafiti. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Tata, jina langu uliliandika wapi?"

Nikamwambia sikuliandika.

Akamenya ndizi nyingine, akaiweka kwenye maji. "Basi siku zile tatu nilikuwa natembea peke yangu," akasema.

Chakula kilipoiva alinipakulia, nikala. Alifariki kabla sijapata moyo wa kumwomba radhi, na maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nimestaafu, naishi hapa Tukuyu mjini. Watu wa kwetu hawajanitukana hata siku moja, na afadhali wangenitukana. Nikienda msibani wananiita mheshimiwa, wananiletea kiti cha plastiki, wanakiweka pembeni kivulini. Wao wamekaa pamoja kwenye majani ya migomba, wanazungumza taratibu, na nikisogea mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua. Hakuna anayeniambia jambo la maana tena. Nina upweke, mwanangu, sitakuficha.

Kwa hiyo utakapokwenda huko Matwebe kwenye utafiti wako, shika hili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini akishakipata asisahau aliyemshikia taa. Aliyekufundisha mwandike jina, hata kama hajui kulisoma. Msimamizi akikataa, bishana naye kwa adabu, na ikibidi alama zipungue, acha zipungue. Usiandike "hakuna" kwa sababu tu hukukiona kitabuni. Na kabla karatasi yako haijafika ofisi yoyote, rudi ukawasomee wenyewe kwa sauti, wakusahihishe wakati bado wana kitu cha kuokoa. Mimi nilitangulia ofisini. Nyumbani nilifika baadaye, na nilikuwa nimechelewa.

Nenda na baraka zangu, mwanangu. Mungu akupe elimu isiyokutenga na waliokuzaa, na kila utakaporudi kwao, wasogee wakupe nafasi ukae katikati yao.